Taarifa zako zimevuja kutoka ofisi ya umma: tafuta dalili yako hapa, ujue sababu na cha kufanya

Kila ofisi ya umma ikitangaza mfumo wake umedukuliwa, iwe hospitali, mamlaka ya kodi, tume ya uchaguzi au ofisi ya vitambulisho, watu wanaanza kuuliza yale yale: mbona napigiwa simu na mtu nisiyemjua anayenitaja majina yote matatu, mbona naletewa namba za kuthibitisha ambazo sijaomba, mbona laini imekata ghafla. Na jibu wanalopewa karibu kila mahali ni moja, badilisha paswedi. Ibadilishe sawa, ila mara nyingi paswedi haikuwemo hata kwenye kilichovuja, kwa hiyo mtu anabadilisha, anatulia, anaona kamaliza kazi, kumbe matapeli wanapitia kwingine kabisa.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza manake ndio inayotokea sana, fanya ukaguzi mwepesi kabla ya ule mzito, na pale nilipoandika SIMAMA naomba usimame kweli, kwa sababu kuna vitu ukiendelea kuvihangaikia mwenyewe unapoteza ushahidi au unampa mwizi muda wa kumaliza kazi yake.

KABLA YA YOTE: NINI HASA KIMEVUJA?

Hili swali watu wanaliruka na ndilo linaloamua kila kitu. Soma tangazo la ofisi husika mpaka mwisho, usiishie kichwa cha habari, uangalie wametaja taarifa gani. Alafu zigawe hivi.

Kuna zinazobadilishika leo leo: paswedi, PIN, maswali ya siri. Kuna zinazobadilishika kwa usumbufu: namba ya simu, namba ya kadi ya benki, pasipoti. Na kuna ambazo huwezi kuzibadilisha au ni kwa nadra sana: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, alama za vidole, historia ya ugonjwa, na kwa nchi nyingi hata namba ya kitambulisho.

Mifumo ya umma inabeba sana hilo kundi la mwisho. Singapore mwaka 2018 waliibiwa taarifa za wagonjwa milioni 1.5 wa SingHealth, majina, namba za vitambulisho, anwani, tarehe za kuzaliwa, na kwa watu kama 160,000 hata dawa walizoandikiwa. Paswedi ingemsaidia nini mtu huyo? Marekani mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu ilitangaza wizi wa taarifa za watu milioni 21.5, na baadae ikabainika alama za vidole za watu milioni 5.6 zimo humo. Kidole hakibadilishwi. Na sio lazima kuwe na mdukuzi hata: Uingereza mwaka 2007 mamlaka ya kodi ilituma diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25 wa mafao ya watoto, zikapotea njiani.

Kwa hiyo shika hili kwanza, maana hatua zote huko chini zinatoka hapa: taarifa iliyovuja na haibadiliki sio siri tena, hesabu kwamba kila tapeli anayo. Popote inapotumika kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, weka kitu kingine juu yake. Na vitu viwili vya kulinda kuliko vyote ni imeili yako na laini yako ya simu, kwa sababu ukisahau paswedi ya kitu chochote marekebisho yanapitia huko.

DALILI 1: Umepata ujumbe kwamba taarifa zako zimevuja, hujui kama ni wa kweli

Sababu zinazowezekana:
1. Ni ofisi yenyewe inakutaarifu.
2. Ni tapeli amedandia habari, anatuma ujumbe huo huo kwa maelfu ya watu.
3. Ni tapeli mwenye data zenyewe, anajua kweli upo kwenye orodha.

Wiki za mwanzo zote tatu zinakuwepo kwa pamoja kwa hiyo usijaribu kukisia kwa kuangalia nembo au lugha, siku hizi nembo inakopiwa na lugha inanyooshwa. Usiguse linki. Fungua tovuti ya ofisi kwa kuandika anwani mwenyewe, au piga namba iliyopo kwenye barua na risiti zako za zamani, uwaulize. Taarifa ya kweli inakwambia nini kimevuja na ufanye nini, haikuombi paswedi, PIN, namba ya kuthibitisha wala hela ya "kulinda akaunti", na haikwambii una dakika 30.

Kuchelewa peke yake sio dalili ya uongo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya kwa mfano ofisi inatakiwa kumjulisha msimamizi wa ulinzi wa data ndani ya saa 72 tangu igundue, lakini wananchi wanaweza kujulishwa baadae, na ugunduzi wenyewe unaweza kuja miezi mingi baada ya wizi.

Kama ulishabonyeza linki lakini hukujaza chochote, mara nyingi hakuna kilichotokea, funga ukurasa, sasisha simu na kivinjari, endelea. Kama ulijaza, nenda mwisho wa Dalili 2. Kama ulipakua na kufungua apu au faili, SIMAMA: zima intaneti kwenye kifaa hicho, usiingie benki kupitia hicho, badilisha paswedi kwa kutumia kifaa kingine, na hicho kipeleke kwa fundi unayemuamini asafishe au arudishe mipangilio ya kiwandani.

DALILI 2: Unapigiwa na watu wanaojua jina lako, kitambulisho, hata ulitibiwa lini

Hii ndio inayolalamikiwa sana na ndio inayowaliza watu kweli.

Sababu:
1. Data zilizovuja zimeuzwa au zimemwagwa mtandaoni na matapeli wanazipigia simu moja moja.
2. Wameunganisha uvujaji kadhaa wa zamani, namba ya simu kutoka huku, kitambulisho kutoka kule.
3. Ulivyoviweka mwenyewe hadharani, picha ya cheti, picha ya kitambulisho, salamu za siku ya kuzaliwa.
4. Simu yako ina apu ya kupeleleza. Ipo lakini ni nadra, usianze na hii.

Kinachowaponza watu ni imani kwamba "anajua namba yangu ya kitambulisho kwa hiyo ni afisa kweli". Hapana. Baada ya uvujaji mtu kujua taarifa zako haithibitishi chochote kuhusu yeye. Na namba inayotokea kwenye skrini nayo inaweza kughushiwa ikaonekana ni ya benki au ya wizara.

Cha kufanya ni kukata simu, bila kujitetea wala kubishana, alafu unapiga wewe kwenye namba rasmi unayoijua. Afisa wa kweli hatakasirika ukifanya hivyo, na huyo anayekwambia "usikate, ukikata akaunti inafungwa" ameshajitambulisha ni nani.

Ongea na wazazi na wazee nyumbani mapema, tena kwa upole. Tapeli mwenye taarifa za familia anampigia mama anamwambia mwanao fulani amezaliwa tarehe fulani kalazwa, zinatakiwa hela haraka. Kubalianeni neno moja la siri la familia ambalo halijaandikwa popote, mtu akipiga kuomba hela kwa dharura aulizwe neno. Asipolijua, mnakata na kumpigia mhusika mwenyewe. Mimi naliona hili ndilo linalosaidia kuliko apu yoyote ya kuzuia simu, maana halitegemei simu ya aina gani wala kama mzee anajua kutumia mtandao.

Ukishakuwa umetoa kitu, inategemea ulitoa nini:
- Paswedi: ibadilishe sasa hivi, na popote pengine ulipoitumia hiyo hiyo au inayofanana nayo.
- PIN au namba ya kuthibitisha ya benki au pesa za simu: SIMAMA, piga benki au kampuni ya simu wafungie akaunti kabla hujafanya kingine chochote, usianze kuangalia salio kwanza.
- Namba ya kadi pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma: waambie benki waifunge na wakupe nyingine.
- Umemruhusu aingie kwenye simu au kompyuta yako kwa apu ya kuongoza kwa mbali: kata intaneti, toa hiyo apu, alafu piga benki kwa simu nyingine.

DALILI 3: Zinaingia namba za kuthibitisha ambazo hujaomba

Sababu:
1. Mtu kakosea kuandika namba yake ya simu au imeili ikawa yako. Ikija mara moja na kuisha, ni hii.
2. Mtu anajaribu "nimesahau paswedi" kwenye akaunti yako, ana namba yako ya simu tu.
3. Mtu ana paswedi yako sahihi, amebakiza namba tu aingie.
4. Anajaribu kuisajili namba yako kwenye simu yake, hii inatokea sana kwa WhatsApp.

Angalia ujumbe unatoka huduma gani, na iko namna gani. Kama inasema "weka upya paswedi" basi ni ya pili, hajaingia bado. Kama ni namba ya kuingilia na akaunti hiyo huwa inaomba namba baada ya paswedi kukubalika, basi ana paswedi, ibadilishe dakika hiyo. Usiingie kupitia linki ya kwenye meseji, fungua apu yenyewe.

Usimsomee mtu yeyote hiyo namba. Hata akiwa ni rafiki yako kwenye chati anayesema "nimekutumia kwa bahati mbaya naomba unirudishie", huyo rafiki pengine akaunti yake imeshachukuliwa na sasa ni zamu yako.

Marekebisho ya kina: kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ni PIN ya tarakimu sita unayoiweka mwenyewe, hivyo hata mtu akiipata namba ya meseji anakwama, alafu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa utoe usichokijua. Kwa imeili na akaunti nyingine kubwa hama kutoka namba za meseji kwenda apu inayozalisha namba ndani ya simu yako, kwa sababu meseji inafuata laini, na laini inaweza kuibiwa kama tutakavyoona sasa hivi. Akaunti nyingi zinakupa pia orodha ya namba za akiba za kuingilia ukipoteza simu, ziandike kwenye karatasi uzitunze, usizipige picha.

DALILI 4: Laini imekata, "hakuna huduma", wakati wenzako wanapata mtandao

Hapa muda ni kila kitu, kwa hiyo ukaguzi mwepesi ufanye kwa dakika chache tu.

Sababu:
1. Mtandao wa eneo hilo una shida. Muulize mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo aliye karibu.
2. Simu imekwama au kadi ya laini imelegea. Washa na uzime hali ya ndege, zima simu uwashe, chomoa laini urudishe, ijaribu kwenye simu nyingine.
3. Laini imefungiwa na kampuni, labda usajili haujakamilika au haijatumika muda mrefu.
4. Mtu ameenda kuomba laini mpya kwa jina lako. Anatumia zile zile taarifa zilizovuja, majina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, anaambiwa "thibitisha", anajibu yote sawa. Laini yako inakufa, ya kwake inawaka, na namba za kuthibitisha zote zinaanza kwenda kwake.

Kama umeshajaribu 1 na 2 na bado, SIMAMA kuhangaika na simu. Chukua simu ya mtu mwingine, piga kampuni ya simu uulize kama laini yako imebadilishwa leo, waambie waifungie. Simu ya pili ni benki. Ya tatu, ingia imeili yako kupitia WiFi ubadilishe paswedi na uondoe namba hiyo ya simu kwenye njia za kurudisha akaunti. Fuata mpangilio huo huo. Kuna watu wanaamua kusubiri asubuhi wakidhani ni mtandao, na wezi wengi wanachagua usiku au wikiendi kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna aina nyingine ambayo laini haikati ila simu na pengine uthibitisho wa sauti unaelekezwa kwingine. Kwenye mitandao mingi ukipiga *#21# unaonyeshwa kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine, na ##002# inafuta uelekezaji wote. Kuwa makini na mtu anayekwambia upige namba inayoanza na *21* au **21* ikifuatiwa na namba ya simu, hapo anakuelekezea simu zako kwake.

Kinga: iombe kampuni yako ya simu iweke PIN au sharti la kufika mwenyewe kabla ya kubadilisha laini, nyingi zinalo ukiuliza. Weka pia PIN ya laini yenyewe kwenye mipangilio ya simu, hii haizuii mtu kubadilisha laini dukani ila inasaidia simu ikiibiwa. Kabla hujaiweka hakikisha unayo namba ya PUK, ile ya kufungulia laini iliyojifunga ambayo unapewa na kampuni ya simu, maana ukikosea PIN mara tatu inaombwa PUK, na PUK ukiikosea mara kumi laini inakufa moja kwa moja.

DALILI 5: Huwezi kuingia kwenye imeili, au unaingia lakini mambo hayaeleweki

Imeili zimesomwa na hukuzisoma wewe, ujumbe wa benki hauonekani, watu wanasema umewaandikia.

Sababu ya kwanza kwa mbali kabisa ni paswedi moja kutumika sehemu nyingi. Mfumo wa umma ukivuja na paswedi zake, kuna programu zinazochukua kila imeili na paswedi na kuzijaribu kwenye mamia ya huduma nyingine, hakuna mtu anayekaa kuandika. Sababu ya pili ni ukurasa bandia uliojaza mwenyewe. Ya tatu ni laini iliyoibiwa, rudi Dalili 4. Ya nne ni virusi kwenye kompyuta vinavyochukua paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kama bado unaweza kuingia, mpangilio una maana hapa, watu wanabadilisha paswedi wanaondoka na kumuacha mwizi ndani:

1. Badilisha paswedi, ndefu, isiyotumika popote. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanafaa, au iache programu ya kutunzia paswedi ikutengenezee.
2. Toa vifaa vyote vilivyoingia, kuna kitufe cha kutoka kila mahali.
3. Angalia imeili na simu ya kurudishia akaunti, mwizi huwa anaweka yake.
4. Angalia sheria za kuchuja na kusambaza ujumbe. Hii ndio inayosahaulika kuliko zote. Anaweka sheria kwamba ujumbe wowote wenye neno "benki" upelekwe kwake na ufutwe kwako, na hiyo sheria haitoki kwa kubadilisha paswedi, unaweza ukawa unaibiwa mwaka mzima.
5. Angalia apu za nje zilizopewa ruhusa, ondoa usizozijua.
6. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Kama umeshafungiwa nje, tumia fomu ya kurudisha akaunti ya mtoa huduma wenyewe, ukiwa kwenye kifaa na sehemu unayoingilia siku zote, inaongeza nafasi ya kuaminiwa. SIMAMA ukikutana na "wataalamu" wanaoahidi kukurudishia akaunti kwa malipo. Hao wanawawinda watu ambao wameshaumizwa mara moja.

Kujua kama paswedi yako imo kwenye uvujaji unaojulikana, kuna huduma ya Have I Been Pwned iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, unaandika imeili inakwambia ilionekana kwenye uvujaji upi. Sehemu yake ya kukagua paswedi haipokei paswedi yenyewe, inapelekewa herufi tano za mwanzo za alama iliyotokana na hiyo paswedi tu. Ila usione "hakuna kitu" ukaamini uko salama, uvujaji mwingi wa ofisi za umma haufiki huko, na mwingi hauna imeili ndani yake.

DALILI 6: Unadaiwa mkopo usioujua, au kuna laini na akaunti kwa jina lako

Sababu:
1. Deni lako la zamani ulilolisahau, au limeuzwa kwa kampuni ya ukusanyaji yenye jina usilolijua.
2. Makosa ya uingizaji, jina linafanana au tarakimu moja imekosewa.
3. Mtu wa karibu katumia kitambulisho chako. Inauma kuisema lakini iulize kimya kimya kabla hujaandika ripoti.
4. Tapeli katumia taarifa zilizovuja kufungua mkopo.
5. Mdai mwenyewe ni tapeli na hakuna deni.

Ukaguzi mwepesi ni kuomba maandishi: mkopo ulichukuliwa lini, kiasi gani, hela ilienda akaunti ipi, kilitumika kitambulisho gani. Usilipe hata kidogo "kuonyesha nia njema", sehemu nyingi malipo hayo yanasomeka kama umekubali deni. Wakati huo omba ripoti yako kutoka taasisi ya taarifa za mikopo ya nchi yako uone kama kuna vingine.

Ikithibitika ni wizi, SIMAMA na simu, kuanzia hapa kila kitu kiwe maandishi. Ripoti polisi upate namba ya kumbukumbu, andika pingamizi kwa mkopeshaji na nakala kwa taasisi ya mikopo, ambatisha tangazo la uvujaji, tunza risiti na majina ya uliongea nao na tarehe. Uliza kama nchi yako inaruhusu kufungia taarifa zako za mikopo ili asipewe mtu mkopo mpya kwa jina lako. Marekani hilo limekuwa bure tangu Septemba 2018, pengine utaratibu ni tofauti au haupo. Ukipelekwa mahakamani au mshahara ukitishiwa kukatwa, tafuta wakili au msaada wa kisheria siku hiyo hiyo. Wito wa mahakama usiupuuze kwa sababu tu deni sio lako, usipotokea hukumu inaweza kutoka bila wewe.

DALILI 7: Rekodi zako za serikalini zimebadilika

Unaingia kwenye mfumo unakuta anwani sio yako, akaunti ya benki ya kupokelea mafao sio yako, au unajaza ritani ya kodi unaambiwa imeshajazwa. Mara nyingi ni karani kakosea au mfumo umehamisha data vibaya, hasa kipindi wanarekebisha baada ya udukuzi. Inayofuata ni mtu kuingia kwa taarifa zako ili malipo yaende kwake.

Piga skrinishoti kabla hujagusa chochote. Usirekebishe mwenyewe kwanza, kwa sababu ukibadilisha unafuta alama ya akaunti iliyowekwa na mwizi, na hiyo ndio ushahidi. Nenda ofisini au piga kitengo cha udanganyifu, omba waweke alama kwenye faili lako na malipo yasimame mpaka uthibitishwe ana kwa ana. Kama wana PIN ya ziada ya mlipakodi iombe, mamlaka ya kodi ya Marekani inatoa ya tarakimu sita kila mwaka na bila hiyo ritani ya mtandaoni kwa jina lako haikubaliwi.

Rekodi za hospitali ni jambo zito zaidi. Mtu akitibiwa kwa jina lako, kundi lake la damu au mzio wake unaweza kuingia kwenye faili lako. Ukiona matibabu usiyoyapata, mwambie daktari, sio karani wa malipo peke yake.

DALILI 8: Unatishiwa kwamba siri zako zitaanikwa

Sababu ya kwanza ni ujumbe wa jumla: kaweka paswedi yako ya zamani juu ya imeili, anasema amekurekodi, anataka Bitcoin. Hana kitu, ameokota paswedi kwenye uvujaji wa kale. Kama hiyo paswedi bado unaitumia ibadilishe, ujumbe uutie kwenye taka.

Ya pili ni ya kweli. Finland mwaka 2020 aliyeiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai malipo, na data zenyewe zilikuja kuzagaa mtandaoni vilevile. Ndio maana ushauri ni usilipe: hununui ufutaji, unamwonyesha tu kwamba wewe unalipa. Usijibu, hifadhi ujumbe wote na anwani ya malipo, peleka polisi. Na usibaki na hili peke yako, mwambie mtu mmoja unayemwamini, aibu ndiyo silaha yao na inapungua nguvu ukishasema.

SIMAMA kabisa kama anwani yako imevuja na kuna mtu unayemkimbia, mwenzi wa zamani mwenye ukatili, au kazi yako inakuweka hatarini. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walitoa kwa makosa jedwali lenye majina ya watumishi wao karibu 10,000, wengine ilibidi wafikirie usalama wa nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo maswali ya paswedi yanasubiri. Ongea na polisi au shirika linalosaidia waathirika wa ukatili, na uiandikie ofisi iliyovujisha uwaambie wazi una hatari ya mwili, wanatakiwa kulishughulikia tofauti na malalamiko mengine.

DALILI 9: Hakuna dalili yoyote

Yawezekana hujaguswa, yawezekana data zako bado zimekaa tu. Namba ya kitambulisho haina tarehe ya kuharibika, inaweza kutumika miaka mitatu baadae wakati kila mtu ameshasahau tangazo.

Fanya haya na uendelee na maisha: paswedi ya imeili iwe ya peke yake na hatua mbili zimewashwa, PIN kwenye akaunti ya kampuni ya simu, arifa za kila muamala benki hata wa kiasi kidogo maana wezi wanajaribu kwa kiasi kidogo kwanza, na ripoti ya mikopo uiangalie angalau mara moja kwa mwaka. Majibu ya maswali ya siri kama jina la mama au shule ya msingi yabadilishe yawe maneno yasiyo ya kweli uliyoyatunza sehemu salama, hakuna sheria inayokulazimisha mfumo ujue jina la kweli la mama yako. Watoto nao waangalie, kitambulisho au namba ya mtoto inaweza kutumika miaka mingi bila mtu kujua kwa sababu hakuna anayekagua mikopo ya mtoto.

Na iandikie ofisi iliyovujisha uwaulize mambo matatu kwa maandishi: taarifa zangu zipi zimevuja, tangu lini, na mnatumia nini sasa kunithibitisha nikija dirishani. Wakikujibu kwamba bado ni jina, kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako, ukiambatisha barua yao.